Misa, Gitaa na Magofu ya Ngome

Asubuhi ya Jumamosi, Septemba 23, 1972, wakazi wa Manila walifungua redio wakakuta kimya. Magazeti hayakuonekana mitaani. Usiku uliotangulia wanajeshi walikuwa wamefunga vyumba vya habari pamoja na vituo vya redio na televisheni, wakaanza kuwazoa wapinzani mmoja mmoja. Seneta Benigno Aquino Jr. alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Jioni Rais Ferdinand Marcos alijitokeza kwenye televisheni na kuitangazia Ufilipino kwamba sasa ipo chini ya sheria ya kijeshi. Hati yenyewe, Tangazo Namba 1081, ilikuwa na tarehe ya siku mbili nyuma.

Sheria hiyo ilifutwa kwenye karatasi Januari 17, 1981, lakini Marcos aliendelea kutawala hadi Februari 1986. Kwa hesabu za Amnesty International, watu wapatao 70,000 walitiwa ndani, 34,000 waliteswa na zaidi ya 3,200 waliuawa. Takwimu hizi zimeandikwa mara nyingi. Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba miaka hiyohiyo, ambayo kukusanyika barabarani kulikuwa kosa la kupeleka mtu kambini, ndiyo iliyozaa maigizo na nyimbo nyingi ambazo Wafilipino wanazitambua leo kuwa zao hasa.

Iliwezekanaje? Mtu akisoma historia ya miaka ile atakutana na ushujaa mwingi, na ushujaa huo ni wa kweli. Hata hivyo mashujaa peke yao wangekwisha mapema, maana walikamatwa na kuuawa. Kilichoibeba sanaa hii ni uamuzi wa kukaa ndani ya mambo ambayo dikteta wa nchi ya Kikatoliki hakuthubutu kuyapiga marufuku: Misa, Kwaresima, mkesha wa Krismasi, wimbo wa mababu, ngoma ya mlimani. Wasanii waliingia humo wakasema waliyotaka kusema, na watu wakaelewa.

Majukwaa mawili

Tusimdhanie Marcos kuwa aliichukia sanaa. Mkewe Imelda aliipenda mno, na alitaka dunia ijue hivyo. Septemba 1969 alifungua Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, jengo kubwa la zege lililosanifiwa na Leandro Locsin kwenye ardhi iliyofukiwa baharini katika Ghuba ya Manila. Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, alihudhuria. Mwaka 1974 ukumbi mwingine mkubwa uliinuliwa jirani kwa chini ya miezi mitatu, ili uwahi mashindano ya Miss Universe. Kisha ikaja zamu ya Kituo cha Filamu. Novemba 1981, kazi ikikimbizwa usiku na mchana ili tamasha lisichelewe, jukwaa la mafundi liliporomoka na kuwafukia vibarua katika zege bichi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Mashuleni watoto walifundishwa wimbo wa maandamano wa "Jamii Mpya", jina ambalo Marcos aliupa utawala wake. Muziki ulitungwa na Felipe Padilla de León na maneno yakaandikwa na Levi Celerio, watunzi wakubwa wote wawili. Serikali ilikuwa na kumbi, ilikuwa na okestra, ilikuwa na wimbo wake.

Kilomita chache kutoka hapo, ndani ya kuta za mji wa kale wa Intramuros, palikuwa na jukwaa la aina nyingine. Ngome ya Santiago ndimo Wahispania walimofungia mwandishi José Rizal kabla ya kumpiga risasi Desemba 30, 1896, na vita vya 1945 viliacha sehemu kubwa ya mji huo ikiwa magofu. Humo ndimo kikundi cha maigizo cha PETA kilimotengeneza ukumbi usio na paa na kuuita Rajah Sulayman, kwa jina la mtawala Mwislamu wa Manila aliyekabiliana na Wahispania katika karne ya 16. PETA ilianzishwa mwaka 1967 na Cecile Guidote, msichana wa miaka ya ishirini na kitu aliyerudi kutoka masomoni Marekani akiwa na wazo ambalo kwa tabaka la wasomi wa Manila lilionekana la ajabu. Alitaka tamthilia zichezwe kwa lugha ya wananchi, katika mji ambao ukumbi wa heshima ulimaanisha tamthilia ya Kiingereza.

Agosti 1972 Guidote alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Haukupita muda mrefu akawa mkimbizi Marekani, yeye na mumewe, ambaye alikuwa mwanasiasa wa upinzani. Kundi lililomtegemea mtu mmoja lingefia hapo. PETA ilibaki kwa sababu ilikuwa imeshaanza kuwafundisha wengine kazi ya kuongoza, kuandika na kuendesha warsha. Mwongozaji wa filamu Lino Brocka akaja kuwa mmoja wa viongozi wake, na ule ukumbi wa magofuni ukaendelea kuwaka taa.

Waliwahi kufanya hivi

Wafilipino hawakuanza na Marcos. Marekani ilipoichukua nchi kutoka kwa Hispania, mwaka 1901 ilipitisha sheria ya uchochezi iliyofanya hata kutetea uhuru kwa maneno kuwa kosa. Watunzi wakakimbilia jukwaani. Kati ya 1902 na 1903 zilichezwa tamthilia ambazo leo huitwa za uchochezi: *Tanikalang Ginto* ya Juan Abad, *Hindi Aco Patay* ya Juan Matapang Cruz, *Kahapon, Ngayon at Bukas* ya Aurelio Tolentino. Kwa juu zilikuwa hadithi za mapenzi, za binti aliyefungiwa na mjomba mkatili na kijana anayemtaka. Watazamaji walijua binti ni nani na mjomba ni nani. Waigizaji walivaa nguo za rangi mbalimbali, na kwa ishara iliyopangwa walisogea wakasimama pamoja, rangi zikaungana zikawa bendera ya Ufilipino. Wimbo ukipigwa wanatawanyika, na bendera inatoweka kabla ofisa hajajua alichokiona. Watunzi hao walishtakiwa na kufungwa, lakini mbinu yao haikusahaulika. Mwaka 1982 PETA ilicheza *Pilipinas Circa 1907* ya Nicanor Tiongson, tamthilia ya nyimbo juu ya enzi hiyo ya Mmarekani. Mtazamaji wa 1982 hakuhitaji kuelezwa kwamba anatazama habari za jana na leo kwa pamoja.

Kabla ya sheria ya kijeshi yenyewe, miezi ya mwanzo ya 1970, wanafunzi walikuwa wamefurika barabara za Manila katika maandamano yaliyokuja kuitwa Dhoruba ya Robo ya Kwanza. Humo lilizaliwa igizo la barabarani kwa sura yake ya kisasa, na kundi lililovuma lilikuwa Panday Sining, likiongozwa na mwanafunzi aitwaye Bonifacio Ilagan. Maigizo yao yalikuwa mafupi na ya makelele: beberu mwenye kofia ya nyota, kabaila mwenye tumbo, mkulima anayeinuka. Siyo sanaa ya kurudia kuisoma usiku, na hawakuikusudia iwe hivyo. Septemba 1972 ilipofika makundi ya namna hiyo yalipigwa marufuku, na wanachama wakakimbilia msituni, mafichoni au ughaibuni. Ilagan alikamatwa mwaka 1974, akateswa, akakaa kizuizini miaka miwili.

Wakati huo karatasi nayo ilikuwa ikitumika kwa ujanja. Mwaka 1973 jarida la *Focus*, lililokuwa upande wa serikali, lilichapisha shairi la Kiingereza kuhusu Prometheus, lenye jina la mshairi asiyejulikana. Ukisoma herufi za kwanza za kila mstari kutoka juu kwenda chini, unapata tusi kamili linalomwita Marcos Hitler, dikteta na kibaraka. Tusi lilipogunduliwa, jarida lilikuwa limeshafika mikononi mwa watu. Mtunzi alikuwa Jose Lacaba, mwandishi wa habari aliyekuwa mafichoni. Alikamatwa mwaka uliofuata na kuteswa. Nick Joaquin, mwandishi mkubwa kuliko wote wa nchi hiyo kwa wakati huo, alikubali heshima ya Msanii wa Taifa mwaka 1976 kwa sharti kwamba Lacaba aachiwe. Mdogo wake Lacaba, Emmanuel, mshairi aliyeandika pia maneno ya wimbo katika filamu ya Brocka ya 1974, *Tinimbang Ka Ngunit Kulang*, hakupata wa kumwombea. Aliuawa Mindanao mwaka huohuo wa 1976.

Misa iliyogeuka

Mwaka 1977 Ilagan, akiwa ametoka kizuizini, aliandika *Pagsambang Bayan*, yaani ibada ya wananchi. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya kuanzia kwa yeyote anayetaka kuielewa sanaa ya enzi hiyo, kwa sababu umbo lake lenyewe ndiyo hoja yake.

Tamthilia inafuata mpangilio wa Misa ya Kikatoliki. Kuna padri, kuna waamini, kuna nyimbo za kuanza, toba, masomo, matoleo. Ila wanaoingia kusali ni mkulima asiye na shamba, mfanyakazi wa kiwandani, mtu wa kabila la milimani aliyefukuzwa katika ardhi yake. Kila sehemu ya ibada inapofika, wao wana la kusema. Kwenye toba wanauliza ni dhambi ya nani inayotubiwa. Kwenye matoleo wanaleta walichonacho, na walichonacho ni habari ya njaa na ya ndugu waliopotea. Padri anaanza akiwa mtu wa kutuliza, na polepole anabadilika, hadi Misa inapofika mwisho yeye ndiye anayekubaliana na waamini wake kwamba haiwezekani kurudi nyumbani kama walivyokuja.

Sasa fikiria kazi ya ofisa wa usalama aliyetumwa kutazama. Aandike nini katika ripoti? Kwamba watu wamesali? Kila neno la hatari lilikuwa limekalia neno ambalo Kanisa linalitamka kila Jumapili. Marcos alilihitaji Kanisa, au angalau alihitaji lisimgeuke wazi, na wengi wa wanajeshi wake walibatizwa kama waigizaji wale. *Pagsambang Bayan* ilichezwa na kikundi cha Chuo Kikuu cha Ufilipino chini ya mwongozaji Behn Cervantes. Walichezea chuoni, na habari zikaenea. Mwishowe serikali ilifanya ambacho serikali za namna hiyo hufanya zikikosa la kuandika kwenye ripoti: ilimkamata Cervantes. Hakuwa mgeni kwao, kwani filamu yake *Sakada*, juu ya wakata miwa wa kisiwa cha Negros, ilikuwa imetaifishwa mwaka uliotangulia.

Mwaka huohuo wa 1977 dada yake Ilagan, Rizalina, mwanaharakati kama yeye, alitoweka pamoja na wenzake. Hakuonekana tena.

Msomaji wa Kenya ameshaukumbuka mwaka huo. Oktoba 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wanakijiji walikuwa wakicheza *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwenye ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Novemba kibali kilifutwa, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Limuru na Manila zilikuwa zimekunywa katika kisima kimoja, maana pande zote mbili walimsoma Mbrazili Paulo Freire, aliyefundisha kwamba mtu asiyejua kusoma anayajua maisha yake kuliko mwalimu wake. Mtafiti wa Kiholanzi Eugène van Erven, katika kitabu cha mwaka 2001 kuhusu maigizo ya jamii duniani, aliwaweka PETA na waigizaji wa vijijini wa Kenya ndani ya jalada moja, na ukizisoma sura hizo mbili unaona walivyofanana katika namna ya kuanza: kikao kwanza, tamthilia baadaye.

Ibada nyingine nazo ziliazimwa. Wafilipino wana *sinakulo*, igizo la Mateso ya Yesu wakati wa Kwaresima, na *panunuluyan*, ambapo mkesha wa Krismasi Yosefu na Mariamu hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pa kulala na kukataliwa. Yosefu alipovikwa fulana ya kibarua wa mjini na Mariamu akawa mama aliyevunjiwa kibanda, hakuna aliyehitaji maelezo. Imelda alikuwa akizungushia vitongoji duni ukuta mweupe ili wageni wa heshima wasivione. Hadi leo, kila Wiki Takatifu, maskini wa Manila hubeba msalaba barabarani katika Kalvari yao wenyewe, na kila kituo ni dai moja: nyumba, kazi, bei ya mchele.

Mwanahistoria Reynaldo Ileto alitoa kitabu mwaka 1979 akionyesha kwamba wakulima wa karne ya 19 waliuelewa uasi wao dhidi ya Hispania kupitia simulizi ya Mateso waliyoiimba kila Kwaresima. Kwa hiyo wasanii wa miaka ya 1970 walikuwa wakirudi kwenye njia iliyokanyagwa na babu zao.

Warsha

Kazi kubwa zaidi ya PETA haikuonekana magofuni Manila. Ilikuwa vijijini, katika kumbi za parokia, chini ya miembe. Walipeleka warsha za siku chache ambazo mshiriki, awe katekista, mvuvi au mwanafunzi, alianza kwa michezo ya mwili na sauti, akaendelea kuchora, kutunga, kupiga ngoma kwa chochote kilichopo, na kumaliza kwa igizo lililotokana na maisha yao lililochezwa mbele ya jirani zao usiku uleule. Baada ya igizo, mazungumzo. Walichanganya Freire na Mbrazili mwenzake Augusto Boal, na Mjerumani Bertolt Brecht, ambaye tamthilia zake zilitafsiriwa na kuchezwa PETA zikiongozwa na Fritz Bennewitz kutoka Ujerumani Mashariki. Ila chombo kilichowafikisha vijijini kilikuwa Kanisa, hasa jumuiya ndogondogo za Kikristo za Mindanao na Visayas.

Huko Mindanao mlei mmoja, Karl Gaspar, alikuwa kiungo kati ya Kanisa na waigizaji. Mwaka 1983 alikamatwa Davao akakaa gerezani karibu miaka miwili. Barua alizoandika kutoka ndani zilikuja kuwa kitabu. Kilichotokea kule nyuma ndicho kinachostahili kuangaliwa: warsha hazikusimama. Waliofunzwa walikuwa wengi mno, na hakuna orodha ambayo ingewamaliza.

Kutokana na kazi hii ya vijijini na mitaani, tamthilia za ukumbini nazo zilibadilika. *Juan Tamban* ya Malou Jacob, iliyochezwa mwaka 1979 chini ya Joel Lamangan, inatokana na habari ya mtoto wa mtaani anayekula mijusi na mende ili watu wamtupie senti. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anamfuata kwa ajili ya utafiti wake wa shahada. Tamthilia nzima ni habari ya mwanamke huyo akigundua kwamba hawezi kumweka mtoto ndani ya karatasi na kwenda zake. Marcos hatajwi. Hakuhitaji kutajwa.

Nyimbo

Muziki ulikuwa na bahati ya ajabu. Mwaka 1975 serikali, katika juhudi zake za uzalendo, iliziamuru redio kupiga angalau wimbo mmoja uliotungwa na Mfilipino kila saa. Bendi za Manila zilizokuwa zikiiga Marekani neno kwa neno zikajikuta zinahitajika kuimba kwa lugha ya nyumbani, na kampuni za kurekodi zikaanza kutafuta watunzi. Kupitia mlango huo waliingia watu ambao serikali haikuwakusudia. Heber Bartolome alitoa *Tayo'y mga Pinoy* mwaka 1978 akiwakemea wenzake wanaojidai Wamarekani. Kundi la Asin, mwaka huohuo, liliimba juu ya mito iliyokufa na hewa chafu katika *Masdan Mo ang Kapaligiran*, na juu ya vita vya Cotabato, vita ambavyo serikali haikutaka viongelewe. Redioni zilisikika kama nyimbo laini za gitaa.

Wengine hawakufika redioni kabisa. Jess Santiago alitunga nyimbo zilizoimbwa kwenye migomo na mikutano, zikapita mdomo kwa mdomo na kwa kaseti zilizonakiliwa majumbani. Mwaka 1981 wanawake wawili, Karina Constantino-David na Becky Demetillo-Abraham, waliunda Inang Laya, wakaleta jambo ambalo harakati yenyewe ilikuwa ikilichelewesha: mwanamke akiimba juu ya mwanamke, bila kuwa mama wa shujaa wala mchumba wake. Huko Davao mwaka 1982 Joey Ayala alirekodi *Panganay ng Umaga* kwa vifaa vya kubahatisha, akichanganya gitaa na *hegalong*, kinanda cha nyuzi mbili cha Watʼboli. Ughaibuni, kampuni ndogo ya Paredon ya Marekani ilikuwa imeshatoa sahani ya *Bangon!* mwaka 1976, yenye nyimbo za wapiganaji na wakulima ambazo nyumbani zingempeleka mtu kambini.

Milimani kaskazini mambo yalikuwa makali zaidi. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilipanga kujenga mabwawa manne kwenye mto Chico, mpango ambao ungezamisha mashamba ya ngazi na makaburi ya Wakalinga na Wabontoc. Watu hao wana *salidummay*, wimbo wenye lahani inayojulikana na kila mtu, ambao mwimbaji huuwekea maneno yake papo hapo na wengine wakaitikia. Umbo kama hilo halihitaji mtunzi wala kanda. Kila kikao cha amani baina ya vijiji, kila mkesha, kiliongeza beti dhidi ya bwawa. Aprili 24, 1980, wanajeshi walimpiga risasi mzee Macli-ing Dulag nyumbani kwake katika kijiji cha Bugnay. Naye akaingia ndani ya *salidummay*, na mabwawa hayo hayakujengwa.

Na kisha *Bayan Ko*. Wimbo huu ni wa enzi za Mmarekani: muziki wa Constancio de Guzmán, maneno ya Kitagalog ya José Corazón de Jesús, ukiifananisha nchi na ndege aliyefungiwa tunduni. Chini ya Marcos kuuimba hadharani kulihesabiwa uchochezi. Hebu tulipime jambo hilo: serikali iliyojiita ya kizalendo iliogopa wimbo wa kizalendo uliotungwa dhidi ya mkoloni. Agosti 21, 1983, Benigno Aquino, yule seneta aliyekamatwa mwaka 1972, alirudi kutoka Marekani akapigwa risasi uwanja wa ndege wa Manila, na katika maombolezo yake Freddie Aguilar, aliyekwisha kutamba duniani kwa *Anak*, alisimama akauimba. Agosti 31 jeneza lilipita mitaani kwa saa kumi na moja hivi, watu milioni mbili wakilisindikiza, na baada ya hapo hakuna askari aliyeweza tena kuukataza.

Barabara inarudishwa

Kuanzia 1983 hofu ilikuwa imepasuka. Brocka na wenzake walianzisha umoja wa Wasanii Wanaojali wa Ufilipino kupinga udhibiti. Wahitimu wa chuo kikuu waliounda kundi la Peryante walikuja na *Ilokula* ya Chris Millado, Drakula wa Kiilocano anayefyonza damu ya nchi. Marcos alikuwa Mwilocano. Hapa sasa mafumbo yalikuwa yamekaribia kuvuliwa nguo zote. Maigizo ya kasi yalizuka sokoni na vituo vya mabasi, yakamalizika kabla polisi hawajafika. PETA ilicheza *Nukleyar!* kupinga kinu cha nyuklia cha Bataan, kilichogharimu zaidi ya dola bilioni mbili na ambacho hakijawahi kuzalisha umeme hata siku moja.

Januari 1985 Brocka na Cervantes walikamatwa kwenye mgomo wa madereva wa mabasi madogo ya jeepney, wakakaa ndani siku 16. Septemba 20 mwaka huo, katika mji wa Escalante kisiwani Negros, vikosi vya serikali viliwafyatulia risasi wakata miwa, wavuvi na wanafunzi waliokuwa wakiadhimisha miaka 13 ya sheria ya kijeshi. Ishirini waliuawa. Bei ya sukari ilikuwa imeanguka, vibarua walikuwa na njaa, na biashara yote ya sukari ilikuwa mikononi mwa swahiba wa rais. Wafanyakazi wa mashamba hayo wana kundi lao, Teatro Obrero, nao huyaigiza mauaji hayo palepale yalipotokea kila mwaka, hata baada ya Marcos kuondoka.

Aliondoka Februari 25, 1986, baada ya siku nne za umati kwenye barabara ya EDSA, akapelekwa Hawaii. Miezi kumi na moja baadaye, chini ya rais mpya Corazon Aquino, mjane wa Benigno, askari waliwaua wakulima 13 karibu na daraja la Mendiola walipokuwa wakidai ardhi. Waigizaji walirudi barabarani na walikuta mengi ya maigizo yao hayahitaji kubadilishwa ila jina.

Mwaka 2017 PETA, sasa ikiwa na jengo lake Quezon City, ilitoa *A Game of Trolls*, tamthilia ya nyimbo ya Liza Magtoto na Vincent de Jesus kuhusu kijana anayelipwa kuandika uongo mtandaoni kwamba enzi za Marcos zilikuwa enzi za dhahabu, hadi marehemu wa enzi hizo wanapoanza kumtokea. Mwaka huohuo vita vya Rais Rodrigo Duterte dhidi ya dawa za kulevya vilikuwa vimeshaua maelfu, na baadaye, mwaka 2019, wanamuziki wa rapu waliyaweka mauaji hayo katika albamu ya *Kolateral*. Mei 2022 Ferdinand Marcos Jr., mwana wa dikteta, alichaguliwa kuwa rais kwa kura zaidi ya milioni 31. Bonifacio Ilagan alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kupinga ugombea wake. Walishindwa.

Wapo wanaosema matokeo hayo ni ushahidi kwamba sanaa ile yote haikufaa kitu. Sikubaliani nao. Tamthilia ya watu 300 ukumbini haiwezi kushindana kwa wingi na video zinazotazamwa na mamilioni, na haikuwahi kuahidi hivyo. Ilichofanya ni kuwalea watu waliojua kusimama mbele ya wenzao na kusema, na wengi wao ndio waliokuja kuwa walimu, waongozaji, viongozi wa vyama. Penye kasoro ya kweli ni kwingine. Maigizo ya barabarani hayakuchapwa. Mengi yalitungwa kwa mdomo, au yalipigwa chapa kwenye karatasi zilizochomwa wakati wa msako. Kaseti zilizonakiliwa mara kumi zinaharibika. *Bangon!* inasikika hadi leo kwa sababu hazina ya Paredon ilihamia kwenye taasisi ya Smithsonian, Washington. Waliocheza mwaka 1977 wakiwa na miaka ishirini wanakaribia sabini, na kizazi kilichompigia kura Marcos mdogo hakikuwahi kuyaona maigizo hayo. Kazi ya kuwakalisha wazee hao chini, kurekodi beti na vituo vya jukwaani wanavyovikumbuka, na kuvirudisha mashuleni kule Negros, Davao na Kalinga, inahitaji fedha na watu sasa hivi, wakiwa bado wanakumbuka nani alisimama wapi.